Kumpokea Mwandishi Mgeni: Maoni juu ya Migogoro katika Kamusi Elezo ya Kiswahili

Wapo wakufunzi katika vyuo vya ualimu, nami nikiwa mmojawao, ambao huwapa wanachuo wao zoezi la kuandika makala katika Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo iliyo wazi kwa kila mtu kusoma na kuandika. Zoezi ni jema. Mwanachuo hujifunza kutafuta habari, kuipima na kuieleza kwa Kiswahili sanifu mbele ya wasomaji wa kweli, badala ya kumwandikia mkufunzi peke yake. Hata hivyo, zoezi hilo lina tatizo ambalo sijaliona likijadiliwa katika majarida yetu, nalo ni ugomvi unaozuka baina ya mwandishi mgeni na wahariri wenyeji. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba ugomvi huo ni suala la njia za kufundishia kabla ya kuwa suala la kompyuta, na kwa hiyo watuhusu sisi walimu.

Yafaa kwanza ikumbukwe jinsi kazi hii ilivyoanza. Kabla ya Wikipedia palikuwa na mradi ulioitwa Nupedia, ambao uliyataka makala yote yapite hatua saba za ukaguzi wa wataalamu. Katika mwaka wake wa kwanza mradi huo ulitoa makala 21 tu. Wikipedia ya Kiingereza ilipofunguliwa tarehe 15 Januari 2001, kwa sharti jepesi kwamba yeyote aweza kuandika na yeyote aweza kusahihisha, ilipata makala kama 200 katika mwezi wa kwanza, na yapata 18,000 katika mwaka wa kwanza. Wikipedia ya Kiswahili ilifuata mwaka 2003. Leo ina makala zaidi ya 70,000, ingawa mengi bado ni yale yanayoitwa mbegu, yaani makala ya mistari miwili mitatu yanayosubiri mtu wa kuyakuza. Idadi ya watu wanaoandika humo mara kwa mara ni ndogo mno ikilinganishwa na mamilioni ya wasemaji wa lugha hii, na wakabidhi, ambao ndio wenye mamlaka ya kufuta ukurasa na kumzuia mwandishi mkorofi, ni wachache zaidi. Wote hao hufanya kazi kwa kujitolea.

Sasa tuutazame ugomvi wenyewe. Mwanachuo huandika aya tatu, akazihifadhi, akaenda kula chakula cha mchana. Arudipo hazipo. Moja kati ya mambo mawili limetendeka. Huenda mhariri ametengua badiliko lake. Hapo maandishi yake bado yamo katika historia ya ukurasa, na mtu yeyote aweza kuyasoma na hata kuyarejesha. Au huenda mkabidhi ameufuta ukurasa mzima; hapo historia nayo huondoka machoni pa watu wa kawaida, na mwandishi hana tena nakala ya kazi yake isipokuwa aliiweka mahali pengine. Kwa mwenyeji mambo hayo mawili yana tofauti kubwa. Kwa mgeni yote mawili ni jambo moja tu: nimefukuzwa. Naye akitafuta sababu, aghalabu hukuta neno moja au mawili katika muhtasari wa mabadiliko, kama vile "hakuna chanzo" au "si maarufu", bila salamu wala anwani ya mahali pa kuuliza.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika kamusi elezo mgeni hupewa jembe siku ile ile ya kwanza, jambo ambalo silipingi. Ninalolipinga ni kunyang'anywa jembe hilo siku ya pili kwa kuwa tuta lake limepinda, pasipo mtu kumwonyesha kamba ya kunyooshea.

Nitatoa mfano mmoja ambao umenishughulisha sana, kwa sababu unagusa historia ya hapa kwetu. Mwanachuo mmoja, mzaliwa wa miteremko ya Mlima Meru, aliandika juu ya kufukuzwa kwa Wameru katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, serikali ya kikoloni ilipoitwaa ili wapewe walowezi wa Kizungu. Aliandika vizuri. Lakini habari yake yote aliitoa kinywani mwa babu yake, ambaye alikuwa mtoto wakati huo. Mhariri mmoja aliyaondoa maandishi hayo kwa kukosa chanzo. Mwanachuo akayarejesha, yakaondolewa tena, akayarejesha mara ya tatu, safari hii akiwa ameongeza maneno makali juu ya watu wanaokaa mbali wakijifanya kuijua Meru kuliko Wameru. Mwisho alionywa kwamba atazuiwa. Tangu siku hiyo hajaandika tena, na akisikia jina la kamusi elezo hutikisa kichwa.

Nani alikuwa na haki? Kwa kanuni, mhariri. Kamusi elezo haikubali habari ambayo msomaji hawezi kuihakiki, na babu wa mtu hawezi kuhakikiwa na msomaji aliyeko Mombasa au Bujumbura. Kanuni hiyo ina sababu njema, nami siungi mkono wale wanaotaka iondolewe kwa ajili ya Afrika ati kwa kuwa maarifa yetu yamo vinywani. Kila ukoo una babu yake, na mababu wa koo mbili zilizogombea mpaka mmoja hawasimulii hadithi moja. Lakini kwa ualimu mhariri yule alishindwa kabisa, maana chanzo kilikuwapo. Kirilo Japhet, ambaye mwaka 1952 alisafiri hadi New York kuyapeleka malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa, aliandika pamoja na mwanasheria Earle Seaton kitabu kizima juu ya kesi hiyo, kilichotolewa mwaka 1967. Lau mhariri angeandika mistari minne tu katika ukurasa wa majadiliano, akasema: "Ndugu, karibu, jambo hili ni muhimu na halimo bado, tafadhali tazama kitabu cha Japhet na Seaton uthibitishe tarehe na majina, kisha tutayarudisha maandishi yako," tungalipata makala, tena tungalipata mwandishi.

Na masimulizi ya babu je? Yasipotee. Yakusanywe, yanakiliwe, yachapishwe kwanza mahali panapostahili, hata kama ni katika jarida dogo kama hili. Yakisha kuchapishwa yatakuwa chanzo, na kamusi elezo itaweza kuyataja kama masimulizi ya wazee wa mahali fulani yaliyokusanywa mwaka fulani. Hiyo ni kazi nzuri ya likizo kwa wanachuo wa somo la historia, na vyuo vyetu vimeisahau kwa muda mrefu.

Si kila mara mwenyeji huwa na haki, hata kwa kanuni. Chukua habari ya idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 617,631. Mgeni anapoingia katika makala ya Arusha, au ya kata mojawapo, akakuta tarakimu ya zamani na kuibadilisha bila kutaja chanzo, mhariri anayelinda mamia ya kurasa huona kitu kimoja tu: mtu asiyejulikana amebadilisha tarakimu. Hutengua. Kwa haraka hiyo huurudisha uongo mahali pa ukweli, na kumfundisha mgeni kwamba hapa ukweli hauna thamani. Kuitafuta taarifa ya sensa hakuchukui muda mrefu. Nadhani mhariri asiye na nafasi ya kuitafuta afadhali aiache tarakimu mpya, aweke alama ya kudai chanzo, aendelee na safari yake.

Tena yapo mambo ambayo vyanzo vyenyewe vinapingana. Urefu wa Mlima Meru huandikwa mita 4,562 katika vitabu vingine na mita 4,566 katika vingine. Nimeona watu wazima wakikaribia kuvunjiana heshima kwa ajili ya mita 4, ambazo hata mpanda mlima hodari hawezi kuzihisi. Hapo hakuna mshindi wa kutafutwa. Andika tarakimu zote mbili, kila moja na chanzo chake.

Juu ya msamiati sitasema mengi. Mkenya huja na tarakilishi, Mtanzania akasema kompyuta, kila mmoja akisahihisha neno la mwenzake usiku na mchana. Kamusi elezo ni ya Waswahili wote, na makala yaliyoanzwa kwa neno moja yaachwe na neno hilo, la pili litajwe mara moja katika mstari wa kwanza. Mgogoro ulioanzia kwenye neno huishia kwenye utaifa, na huko hakuna makala yanayoandikika.

Haifai, hata hivyo, kuwahukumu wenyeji bila kusikiliza yaliyowapata. Mnamo mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala ya Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, likamalizika mwanzoni mwa mwaka 2010. Makala yalimiminika. Mengine yalikuwa mazuri. Mengi yalikuwa tafsiri za mashine zisizosomeka, zenye sentensi ambazo hakuna mama aliyepata kumwambia mwanawe. Zawadi zilipokwisha kutolewa, wengi wa waandishi hao hawakuonekana tena, na kazi ya kusafisha ikabaki mikononi mwa watu wachache wa kujitolea. Ongeza juu yake wale wanaonakili kurasa za magazeti neno kwa neno, wale wanaojiandikia sifa zao wenyewe, na wale wanaoandika matusi tu. Mtu aliyefagia uwanja huo miaka na miaka, kila asubuhi akikuta takataka mpya, humwona kila anayebisha hodi kuwa amebeba ndoo ya taka. Namwelewa. Mwalimu wa darasa la watoto themanini naye hufika mahali akamfokea mtoto aliyenyosha kidole kuuliza swali la haki.

Jambo hili si la Waswahili peke yao. Katika Wikipedia ya Kiingereza idadi ya waandishi hai ilifikia kilele mwaka 2007, kisha ikaanza kushuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Aaron Halfaker na wenzake ulionyesha kwamba sababu mojawapo kubwa ilikuwa namna wageni wenye nia njema walivyopokelewa: programu zilizotengenezwa kupambana na waharibifu zilizikataa kazi zao pia, upesi na bila maelezo, nao wakaondoka. Tangu zamani walikuwa na mwongozo unaowaasa wenyeji wasiwaume wageni, lakini mwongozo ulioandikwa ni kitu kimoja na mkono unaobonyeza kitufe ni kitu kingine. Mwaka 2012 wakafungua ukurasa maalumu ambapo mgeni huuliza swali lolote na kujibiwa kwa upole. Wao wana maelfu ya waandishi. Mia wakiondoka, wengine mia watakuja. Sisi tukipoteza watu kumi katika mwaka, tumepoteza wale ambao wangaliandika juu ya mito yetu, magonjwa ya mifugo yetu na ufundi wa watu wetu. Hakuna mwingine atakayeyaandika hayo kwa Kiswahili.

Hapa ndipo ualimu unapoingia. Kila mkufunzi anayesoma jarida hili amepata kuwafundisha wanachuo wake kwamba daftari lililojaa wino mwekundu halimfundishi mtoto kitu. Mtoto huona damu, hufunga daftari. Twawaambia wachague kosa moja au mawili yaliyo makubwa, wayaeleze, na wataje pia kilichofanywa vyema. Wazee wetu walioendesha elimu ya watu wazima tangu mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu hiyo, walikuwa na la kuongeza: mtu mzima akiaibishwa mbele ya wenzake harudi darasani, na humwambia jirani yake asiende. Mwandishi wa kamusi elezo ni mtu mzima, na ubao wake wasomwa na dunia nzima.

Kwa hiyo, mwenyeji anapokutana na kazi ya mgeni yenye kasoro, ningependa atofautishe kwanza. Matusi, kashfa dhidi ya mtu aliye hai, na maandishi yaliyoibwa yaondolewe papo hapo, kwa maana hayo humdhuru mtu wa tatu. Lakini hata hapo anayeondoa aeleze. Yaliyobaki yote yasiondolewe kabla ya kuzungumza. Mazungumzo yafanyike kwanza katika ukurasa wa majadiliano wa mgeni mwenyewe, kwa jina lake, kwa Kiswahili cha kawaida kisicho na majina ya kanuni kama namba za vifungu vya sheria, na yaishie kwa kumwomba jambo moja lililo ndani ya uwezo wake. Ile karatasi ya makaribisho inayobandikwa na wenyeji kwa kila mgeni, yenye viungo vingi vya kurasa za msaada, si mazungumzo. Ni tangazo la ukutani, na wengi hawalisomi. Mgeni apewe siku kadhaa. Asipojibu, mwenyeji aweza kurekebisha mwenyewe. Akijibu kwa hasira, na wengi hujibu kwa hasira mara ya kwanza, mwenyeji alijibu swali lililomo ndani ya hasira hiyo na kuiacha hasira yenyewe ipite.

Kuna ugomvi mmoja wa mara kwa mara ambao una dawa nyepesi, nao ni ule wa umaarufu. Mwanachuo huandika juu ya shule yake ya msingi, na ukurasa hufutwa kwa kuwa shule hiyo haijaandikwa popote. Machozi hufuata, kwa sababu aliandika kwa upendo. Lakini Wikipedia ya Kiswahili ina makala juu ya maelfu ya kata za Tanzania, na mengi hayana zaidi ya mahali kata ilipo na idadi ya watu. Habari ya shule, ya soko, ya mfereji wa maji na ya mazao yapandwayo yaweza kuingizwa humo, kwa kiasi cha vyanzo vilivyopo. Mkabidhi anayefuta ukurasa wa shule bila kuonyesha mlango huo ameyatupa matofali karibu na nyumba isiyokwisha kujengwa.

Upande wetu nasi una wajibu wake. Wapo wakufunzi wanaolichukua darasa la wanachuo arobaini, wakalipeleka chumba cha kompyuta, wakasema: fungueni akaunti, andikeni. Mfumo wa Wikipedia kwa kawaida hauruhusu akaunti zaidi ya 6 kufunguliwa kwa siku moja kutoka anwani moja ya mtandao, na chuo kizima hutoka nje kwa anwani moja. Mwanachuo wa saba hukataliwa, akadhani kompyuta yake ni mbovu. Walioweza kuingia huandika kwa wakati mmoja, juu ya mada zinazofanana, kwa makosa yanayofanana, na mhariri aliye mbali hushuku kwamba ni mtu mmoja mwenye majina mengi. Ugomvi hapo haukosekani, na chanzo chake ni maandalizi ya somo. Mkufunzi aandike kwanza katika ukurasa wa Jumuia, ajitambulishe, aseme atakuja na watu wangapi, lini, na juu ya mada gani. Akaunti zifunguliwe kidogo kidogo katika wiki mbili zinazotangulia, au aombe kikomo kile kilegezwe kwa siku hiyo.

Halafu mwanachuo asianze kwa kuunda ukurasa mpya. Katika chuo chetu hapa Njiro nimeona faida ya kumwanzisha na makala ya kata anakotoka: aongeze chanzo kimoja, asahihishe tarakimu moja, akuze mbegu kwa aya moja. Kabla ya hayo afundishwe ukurasa wa majadiliano ni nini, na historia ya ukurasa husomwaje, ili siku kazi yake itakapotenguliwa ajue kwamba haijapotea. Katika Wikipedia ya Kiingereza ipo kanuni inayomkataza mtu kutengua zaidi ya mara 3 katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24. Mimi wanachuo wangu huwapa kanuni kali kuliko hiyo: ukitenguliwa mara moja, usirejeshe, uliza. Na katika alama zao nimetenga sehemu kwa ajili ya mazungumzo hayo. Mwanachuo ambaye makala yake yamekataliwa, lakini akauliza kwa adabu, akatafuta chanzo na kuandika upya, hupata alama nyingi kuliko yule ambaye makala yake hayakuguswa na mtu.

Limebaki swali ambalo wenzangu kadhaa wameniuliza: mkufunzi aingilie kati mwanachuo wake anapogombana na mhariri? Maoni yangu ni kwamba asiingilie kumtetea. Mkufunzi akija na cheo chake, mhariri hujihami, na mwanachuo hujifunza kwamba hoja hushinda kwa kuwa na mkubwa nyuma. Kamusi elezo haina mkufunzi wala mwanachuo. Ina anayeleta chanzo na asiyeleta. Anachoweza kufanya ni kuketi naye pembeni, wakasoma pamoja maneno ya mhariri, na kumwuliza: huyu ametaka nini hasa? Mara nyingi jibu ni dogo kuliko ugomvi: jina la kitabu, mwaka, ukurasa. Ikiwa mhariri kweli amevunja adabu au ametumia mamlaka yake vibaya, mwanachuo mwenyewe apeleke habari katika ukurasa wa Jumuia, akieleza kilichotokea kwa tarehe na viungo vya historia, bila kumtaja mtu kwa sifa mbaya, na mkufunzi amsaidie kuyapima maneno yake kabla hajayahifadhi.